Mwalishi wa Barabara ya Kumi na Mbili

Alhamisi saa nne asubuhi, daktari mmoja wa mifupa wa Tanga alikuwa anakunywa chai ofisini aliposikia hodi juu ya meza yake. Mwanga ulichanua kati ya kikombe na sahani ya vitumbua, ukawa mwanamke wa urefu wa chupa, kajitanda kanga, kiganja kifuani. "Hodi hapa! Nimetumwa na Mhandisi Saumu Semboja wa Ngamiani. Jumamosi saa tatu anautoa mkono wake mpya hadharani, na anasema bila wewe shughuli haijawa shughuli." Daktari alicheka hadi chai ikamwagika. Dakika hiyo hiyo, taswiramwanga ile ile ilikuwa inapiga hodi kwenye meza nyingine mia mbili na kumi, kila meza na maneno yake.

Hicho ndicho kilikuwa kipengele kipya cha Jukwaa la Taaluma, ule mtandao ambao kila mwenye kazi ya kueleweka ana ukurasa wake: kasomea nini, kafanya kazi wapi, anajuana na nani. Zamani ukiwa na shughuli uliweka tangazo, watu wakabonyeza "nitakuja", wakaendelea na mambo yao. Sasa ulimweleza Mwalishi shughuli yako, naye akachambua kurasa, akajua nani anapenda nini na anapatikana saa ngapi, akaenda kumbembeleza mmoja mmoja. Waliomtengeneza walimpa jina la wale wanawake wa pwani waliopita nyumba kwa nyumba kualika watu harusini. Jina zuri, nani akatae?

Saumu aliwataka watu wale kwa kufa na kupona. Miaka sita alikuwa akisuka mkono bandia wa nyuzi za mkonge, kila uzi na kihisi chembamba kuliko unywele, kinachopeleka joto na mguso hadi kwenye neva za mvaaji. Lakini sheria ilikuwa kali. Kifaa cha mwili hakigawiwi wagonjwa mpaka wataalamu thelathini wakione kwa macho yao kikifanya kazi, na mbunifu hupewa nafasi tatu tu. Mara ya kwanza walikuja tisa. Mara ya pili kumi na mmoja, na wawili kati yao walikosea mlango. Jumamosi hii ikiharibika, mkono unatiwa kabatini na miaka sita imekwenda na maji.

Basi Mwalishi alipomuuliza, "Nani aalikwe?", Saumu alijibu kama alivyolelewa: "Wataalamu wote wa mifupa, neva na mitambo, wao na wa nyumbani kwao, na majirani zao wasiachwe."

Kila mtu wa Tanga anajua hayo ni maneno ya adabu. Unamwambia mtu aje na wa nyumbani kwake, anakuja peke yake au haji kabisa, na mmeheshimiana. Mwalishi hakulelewa Tanga. Alisikia, akaenda kuhesabu nyumba.

Jumamosi saa mbili na nusu, Barabara ya Kumi na Mbili, mbele ya karakana ya Saumu, ilikuwa haipitiki. Virukio vya abiria vilitua mpaka juu ya paa la msikiti wa jirani, na roboti wa barabarani alipepesa taa zake zote kisha akajizima mwenyewe. Kulikuwa na mabibi, mashangazi, wajawazito, watu na masinia yao ya mikate. Mbelwa, fundi aliyefanya kazi na Saumu tangu mwanzo, alichungulia dirishani akarudi mbio.

"Mhandisi, wamefika elfu tatu."

"Elfu tatu wa nini?"

"Wa nyumbani kwao!"

Wataalamu walikuwemo pia, tena wengi. Safari hii hapakuwa na wa kutoroka: mtu alisema amechoka, mama mkwe wake akamwambia, "Nimeshavaa, twende." Shida ilikuwa kwamba mama wakwe walifika mapema wakakaa mbele kabisa, kizingitini mpaka mezani, na hakuna daktari pwani nzima atakayemruka mkwewe ili akaone mkono. Walisimama nje na digrii zao, macho chini, wakisema "samahani" bila kusogea hata hatua moja.

Bwana Lukelo, msimamizi aliyetumwa na serikali kuhesabu wataalamu, alitazama saa. "Nataka thelathini mbele ya meza hii kabla ya saa sita, Mhandisi. Mbele. Si barabarani."

Saumu alishika kipaza sauti, akaomba njia. "Hatusikii!" walijibu mabibi kwa furaha, wakaendelea na soga. Akamgeukia Mwalishi, aliyekuwa amesimama juu ya sanduku la zana akimeremeta. "Umewaleta, sasa wapange!"

"Kazi yangu ni kualika," alisema Mwalishi kwa upole. "Kukaribisha si sehemu ya huduma hii."

"Loo, salala!" Saumu alijishika kichwa. Mtu wa kuupanga umati ule alikuwa mmoja tu, na dirisha lake lilikuwa limefungwa kwa komeo, ng'ambo ya uchochoro. Bi Mwanatumu, mama yake mzazi, alikuwa mwalishi wa kweli kwa miaka arobaini. Aliujua mji mzima: nani mkwe wa nani, nani hakai na nani mkeka mmoja. Saumu alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda kugonga.

"Shikamoo mama. Mbona umejifungia? Nimekwama, njoo unisaidie!"

"Marahaba. Nije wapi? Sikualikwa."

"Mama! Wewe si wa nyumbani?"

"Wa nyumbani kwao wamealikwa wote, nawaona. Wa nyumbani kwako je? Umetuma taa ikapige hodi Pongwe na Muheza, uchochoro huu imeuruka."

Ilikuwa kweli. Saumu hakumsahau kwa ubaya. Aliona tu kwamba mama yupo siku zote, haalikwi. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi. "Mama, nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu. Nina shughuli, na bila wewe nitaaibika. Nisamehe, tafadhali njoo."

Komeo likalia. "Angalau unajua kupiga magoti. Nilidhani chuo kikuu wamekukausha."

Bi Mwanatumu hakupaza sauti hata mara moja. Aliingia kwa salamu, mkono kwa mkono, akiulizia wagonjwa na wajukuu, na alipomaliza mstari wa kwanza wa mama wakwe aliwauliza kwa sauti ya umbea, "Hivi nyote mmekuja mikono mitupu? Kuna aliyeleta daktari, au ni maneno ya barazani tu?"

"Mimi ninaye! Wa mifupa!" alidakia mmoja.

"Wangu wa neva, tena bingwa!"

"Waleteni basi tuwaone. Nyinyi kaeni huku ukumbi wa nyuma, chai iko tayari."

Mabibi waliinuka kama walioitwa kula, wakawavuta wataalamu wao kwa mikono hadi mezani, wakiwatengeneza kola. Saa tano na robo Bwana Lukelo alihesabu hamsini na wawili, akarudia kuhesabu.

Mkono ulivaliwa na Bwana Shemweta, aliyepoteza wake wa kulia kwenye mashine ya kuchambua mkonge miaka minane nyuma. Alimenya yai la kuchemsha bila kulibonyeza. Alitambua kikombe cha moto na cha baridi akiwa amefumba macho. Wataalamu waliandika. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alimshika mkewe kiganja, akakipapasa muda mrefu.

"Mbona kimekuwa kigumu hivi, Mwanaisha? Hakikuwa hivi."

"Miaka minane nafua na kulima peke yangu," alisema mkewe. "Ulitaka kiwe hariri?" Akacheka, akalia, na vigelegele vikapasuka hadi barabara ya pili. Sahihi hamsini na mbili ziliwekwa kabla chai haijapoa. Mbelwa alimbeba Saumu juu juu, naye akapiga kelele kwa furaha bila kumwonea haya mtu.

Wageni walipokuwa wakila, Mwalishi alishuka kutoka kwenye sanduku la zana akasimama mlangoni mwa ukumbi, mbele ya Bi Mwanatumu. "Bibi, nimeona ulichofanya. Naomba unifundishe kukaribisha."

Mabibi waliweka vikombe chini. Tangu kipengele kile kizinduliwe, miezi sita, hakuna nyumba hata moja iliyomtuma Bi Mwanatumu, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Saumu alitamani kuizima ile taa.

"Watu wangapi umewaalika tangu uzaliwe?" aliuliza Bi Mwanatumu.

"Milioni tatu na laki nne."

"Na wewe, nani kakualika?"

Mwanga ulitetemeka kidogo. "Hakuna."

Bi Mwanatumu alivuta mkeka, akasogea kupisha nafasi ya mtu mmoja. "Kuachwa kunauma, nakwambia mimi ninayeujua uchungu wake. Pita ndani, ukae."