Mgeni Aliyeshindwa na Chuma

Nakutegea, wewe utegue. Nina mgeni nyumbani. Anaingia bila kupiga hodi. Hana miguu, hana sura. Ukuta wa matofali anaupita, ingawa anachoka. Ukuta wa chuma unamshinda. Ni nani?

Usijibu haraka. Mume wangu Mukalay alikaa naye nyumba moja na hakumjua.

Tunakaa Kolwezi, Manika. Zamani Mukalay alifanya kazi Mashamba, kwenye shimo la shaba. Siku hizo tuliishi kwa king'ora cha Kampani ya mgodi. Kikilia asubuhi, wanaume wanatoka. Kikilia jioni, sisi wanawake tunakoroga bukari, ugali wetu. Unga ulitoka Kampani. Maziwa ya watoto yalitoka Kampani. Hata mpira wa Jumapili ulitoka Kampani.

Nyumba ya pili alikaa Tshibangu. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Kila jioni alicheza dame na Mukalay. Ubao ulikuwa wa Tshibangu. Kete zilikuwa vifuniko vya chupa. Wale wawili walicheza na kutaniana mpaka bukari inapoa, nami napiga kelele toka jikoni.

Halafu mgodi ukaporomoka. Mishahara ikakatika. Watu wakapora maduka na nyumba. Tena ikaja chuki. Mwaka wa 1993 watu wa Kasai wakafukuzwa, hata wale waliozaliwa hapa. Tshibangu na mke wake walitoka na nguo za mwilini. Walilala stesheni wakingoja treni. Niliwapelekea chakula, nimekificha chini ya kitenge.

Siku ya treni, Mukalay alitoka mapema na kinga yake, ile baiskeli ya kazi. Akarudi jioni. Juu ya kinga kulikuwa sanduku la chuma. Nikamuuliza. Alilisukuma chini ya kitanda, akalala na njaa.

Miaka ikaenda. Mjukuu wetu Rachelle akaleta konsoli, mashine ya michezo inayofungwa kwenye televisheni. Inapata rezo, yaani mtandao, kwa Wi-Fi, bila waya. Rachelle anacheza na vijana wa mbali, na wanaongea. Siku moja kijana wa Mbuji-Mayi, jina lake Mpoyi, akamtajia babu yake:

"Nkambo wangu alizaliwa kwenu kule. Anaitwa Tshibangu."

Jumapili iliyofuata wazee wawili walikaa kucheza dame, kila mmoja mbele ya televisheni yake. Sauti ya Tshibangu ikajaa sebuleni.

"Mukalay! Ungali unacheza kama mutoto wa masomo?"

"Na weye ungali unasema mingi. Cheza!"

Nilicheka mpaka nikafuta macho kwa kitenge. Walicheza muda mrefu. Kisha sauti ya Tshibangu ikashuka.

"Mukalay, mi nikuulize. Ile siku ya treni, nilikutafuta kwa dirisha. Ulikuwa wapi?"

Mukalay akafungua mdomo. Sauti ikakatika. Kwenye televisheni yakatokea maneno: rezo imepotea, umeshindwa.

Jumapili nyingine, vile vile. Mchezo unaanza vizuri, unakwenda, halafu unakatika. Na Tshibangu hakuwa mtu wa kuuliza mwanzoni, wala Mukalay hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kuulizwa. Yeye anauliza katikati ya mchezo, moyo ukiisha kupata moto.

Mara ya tatu akakasirika.

"Kila mi nikiuliza, unapotea. Mi njo nilifukuzwa, lakini weye njo unakimbia!"

"Si mi, ndugu yangu. Ni rezo!"

"Rezo! Na ile siku ya treni, ilikuwa rezo pia? Sikia. Jumapili inayokuja ni ya mwisho. Ukipotea tena, mi sirudie."

Hapo hapo mchezo ukakatika, kabla Mukalay hajajibu.

"Nkambo, umupigie telefone," Rachelle akasema.

"Nilimupigia. Amekataa jibu ya telefone. Anasema mutu mwenye kushika kete mukononi haseme uongo."

Mukalay akahangaika. Akanunua forfait kubwa zaidi, kifurushi cha Intaneti. Akalaumu mvua. Akawatukana watu wa rezo na antena yao. Hakuna kilichobadilika.

Ndipo nikamwita Mado, jirani yetu. Mado anafunga mitambo ya Intaneti kwenye maduka ya mjini. Alikuja na telefone yake tu mkononi.

"Tata Mukalay, tusitukane rezo ya inje. Tuulize kwanza ya ndani. Modemu iko wapi?"

Mukalay akatoa ufunguo shingoni.

"Mu sanduku."

"Mu sanduku gani?"

"Ya chuma, chini ya kitanda. Weye uko mutoto, haukuona batu banapora. Kintu ya bei, mi nafunga."

Mado akajizuia kucheka, akashindwa. Nami nikashindwa.

"Bon. Usifungue kwanza."

Akasimama karibu na konsoli, akatuonyesha telefone yake. Alama ya Wi-Fi ilikuwa ndogo kabisa.

"Sasa fungua."

Mukalay akaingia chumbani, akalivuta sanduku, akainua kifuniko. Alama ikapanda, ikajaa. Mado akamfuata, akagusa modemu iliyolala juu ya nguo za zamani, akavuta mkono.

"Ei! Iko moto kama pasi! Tata, rezo umeitia gereza."

Basi, mgeni wangu ni huyo, rezo ya Wi-Fi. Ulimtambua?

"Wi-Fi inapita mu hewa," Mado akaeleza. "Matofali inaichosha. Chuma inaifunga. Kiloko, kidogo tu, inaponyoka pa ile pembe waya inapita. Tena humu hewa haiko. Modemu inapata moto, inazimika. Njo maana munacheza muzuri, kisha inakata."

"Lakini ujumbe wa Rachelle unaingia!" Mukalay akasema.

"Ujumbe unaweza kungojea, tata. Muchezo haungojake."

Mado akatufundisha namna nzuri. Modemu inakaa juu, peupe, katikati ya nyumba. Isikae karibu na chuma wala frigo. Akaona pipa letu la maji mbele ya televisheni.

"Hii nayo mutoshe, muiondoe hapa. Maji inakula rezo."

Rachelle naye akapata fungu lake: asipakue filamu wakati mtu mwingine anacheza.

"Na kama itakata tena?" nikauliza.

"Mutafunga waya kutoka modemu mpaka konsoli. Kwa waya ikikata pia, basi kosa ni ya inje. Pale njo munaita batu ba rezo."

"Na bezi, bale ba kupora?" Mukalay akauliza.

"Tutaipigilia ukutani na skuruu. Na tubadilishe neno la siri, jirani basikunywe rezo yenu bure."

"Hata weye jirani?"

"Hata mi, tata!"

Tukapigilia kibao cha mbao juu ya mlango. Mukalay akaishika modemu kama yai, hakutaka kuiachilia. Mwishowe akaiweka. Mado akafuta vumbi la sanduku. Rangi ya zamani ikaonekana, akasoma: Tshibangu.

"Kumbe sanduku haiko yenu?"

"Nitamujibu mwenye kuniuliza," Mukalay akasema.

Jumapili ikafika. Pipa liko jikoni. Taa ya modemu iko kijani juu ya mlango. Rachelle amezima telefone yake. Mukalay amevaa shati la misa.

"Uko?" Tshibangu akauliza.

"Niko."

Wakacheza. Tshibangu akala kete mbili, akaimba. Mukalay akala tatu, akajipiga magotini kwa furaha kama zamani. Muda ule wa kukatika ukafika, ukapita. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye taa ile.

Kisha sauti ikashuka.

"Mukalay. Ile siku ya treni. Ulikuwa wapi?"

Taa haikuzimika.

"Nilikuwa njiani," Mukalay akasema. "Niliingia mu nyumba yako mbele ya bale ba kupora. Nikakamata sanduku yako, nikafunga pa kinga, nikuletee. Bijana bakafunga barabara. Nikazunguka na njia ya Mashamba, nasukuma kinga mu matope. Nilifika stesheni, nikakuta reli tupu na majivu ya moto yenu. Sanduku iko hapa, Tshibangu. Bitenge ya mama, muke wako, iko ndani. Dame yako iko ndani. Ufunguo, mi navaa mu shingo tangu ile siku."

"Cheza, ndugu yangu," Tshibangu akasema, "na Jumapili inayokuja mi nitarudia."