Viatu Vilivyombana Babikir

Babikir wa Omdurman alikuwa na hakika: kuna mtu anambadilishia viatu msikitini. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vikimkaa vizuri. Sasa kila jioni vinambana. Akaanza kumtazama jirani yake Tajisir kwa jicho la pembeni, kwa sababu viatu vyao vilishonwa na fundi mmoja.

"Tajisir ananiibia," alimwambia mkewe, Naimat.

"Akuibie viatu vikubwa akuachie vidogo? Yeye mwenyewe ana miguu kama ya mtoto!"

"Hujui watu wewe. Nimiminie chai."

Babikir akajaza sukari. Alikuwa na kisukari, lakini vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya tu.

Siku moja akashona uzi mwekundu ndani ya viatu vyake, iwe alama. Jioni, baada ya sala, akavivaa. Vikambana! Akamkamata Tajisir kanzu.

"Nipe viatu vyangu, mwizi we!"

Tajisir akakichukua kiatu kimoja cha Babikir, akachungulia ndani. "Na uzi huu nimeushona mimi?"

Watu wakacheka. Babikir alitaka kujibu, pumzi ikamwishia. Akakaa chini, anahema. Tajisir akamwinamia, akambonyeza mguu kwa kidole. Pakabaki shimo.

"Viatu ni vyako, ndugu yangu. Miguu ndiyo imevimba."

Asubuhi Naimat akampeleka hospitali. Daktari Ihlas akampima damu, kisha akautazama moyo wake kwa mashine.

"Haji, moyo wako umechoka."

"Moyo? Mbona hauniumi?" Babikir aliwaza: huyu anataka kuniuzia dawa.

"Siku hizi hulali bila kurundika mito, sivyo?"

Babikir akamgeukia mkewe. "Umeshanisema!"

"Sijafungua mdomo!" alisema Naimat.

"Hajaniambia mtu," alisema daktari. "Moyo ni msuli. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi, msuli huo unaweza kukakamaa. Haulegei vizuri kupokea damu, na baadaye huisukuma kwa shida. Maji yanajikusanya miguuni na mapafuni. Ukilala chali, unakosa pumzi. Na kisukari kinaweza kutia ganzi mishipa ya fahamu, moyo ukaumwa usisikie."

Babikir akaitazama miguu yake iliyovimba. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nifanyeje?"

"Dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Chai bila sukari. Chumvi kidogo. Tembea taratibu. Ukivimba tena au ukikosa pumzi, njoo upesi."

Safari hii Babikir alifuata. Naimat alimsimamia kama askari. Baada ya wiki kadhaa uvimbe ulipungua, akaweza kutembea hadi sokoni bila kusimama njiani. Siku hiyo hiyo akapitia kwa Tajisir.

"Nilikuita mwizi mbele za watu. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe." Tajisir akatazama chini. "Lakini mimi pia nina kisukari. Moyo sijapimwa hata siku moja."

Babikir akamshika mkono. "Inuka basi. Twende wote."