Namba Nne Nyuma ya Pazia

Kosa lilikuwa dogo: karatasi ilikuwa na alama nne, na spika zilikuwa tatu.

"Nne ipi?" dada yake aliuliza, akichungulia kutoka nyuma ya pazia. "Umenipa tatu, nimewasha tatu."

"Lakini umeita, 'Nne!' Nimekusikia."

"Mdogo wangu, lala. Usingizi ukikosekana, hata ukuta unahesabu."

Kazi ya mdogo mtu ilikuwa kupima spika janja, zile unazoziita kwa jina zikakujibu, na kuandika kwenye tovuti moja ni ipi yenye sauti nzuri. Wapimaji wenzake waliandika kuhusu "besi yenye utu" na "sauti inayonukia mbao", upuuzi ambao yeye hakuuvumilia. Yeye alitumia pazia. Dada alikaa nyuma akiwasha moja baada ya nyingine, akitaja namba tu, yeye alikaa mbele, akauliza kila moja swali lilelile, "Habari za mchana?", akaipa alama kati ya sifuri na kumi. Nyuma ya pazia, jina kubwa halimsaidii mtu.

Namba Moja ilipata sita: inaongea kama iliyofunikwa bakuli. Mbili, saba. Tatu, tano, besi tupu, maneno yamezama. Na Nne, ambayo haikuwepo, ilikuwa imepata kumi, alama ambayo hakuwahi kuitoa tangu aanze kazi. Pembeni, kwenye nafasi ya maoni, alikuwa ameandika: *Huyu abaki.*

Kwa sababu Nne haikujibu habari za mchana. Ilimuuliza, "Umeshakula?"

Tangu mama yao afariki, miaka mitatu sasa, hakuna aliyemuuliza hivyo.

Kesho yake dada hakuja. Alikuwa na watoto, cherehani, na mume asiyejua kuchemsha maji. Mpimaji akakaa peke yake mbele ya pazia, akijidanganya kwamba anahakiki matokeo. Ikatangulia harufu ya nywele zilizolowa. Kisha sauti, nzito, ya karibu, bila mkwaruzo hata mmoja: "Leo umechelewa."

Akafunua pazia. Spika tatu, waya zimekunjwa, hakuna iliyochomekwa.

Mwenye akili zake angetoka mbio. Yeye alirudisha pazia, akaketi, akaandika kumi.

Siku ya tatu, kumi. Siku ya nne, kumi. Na kila kumi iliondoka na kitu: kwanza mhariri wake, ambaye kwenye simu alianza kusikika mwembamba kama mbu ndani ya chupa, kisha watoto wa jirani, waliokuwa wakipiga kelele uani kwa midomo tu, kisha mvua, iliyoanguka juu ya bati mchana kutwa bila tone moja kulia, huku yeye amesimama dirishani, akigonga kioo kwa kucha, akigonga tena kwa ngumi, na asisikie chochote, chochote kabisa, ila ile pumzi tulivu nyuma ya pazia iliyokuwa ikimsubiri akae.

Dada aliporudi Jumamosi, alimtikisa mabega. "Mbona unaniangalia mdomo?" Sauti yake ilitoka mbali, kama simu iliyotumbukia kisimani. Dada hakubishana, alikwenda kumleta mganga, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyewajua majini kama alivyowajua wanafunzi watoro.

Mzee aliinama hadi sikioni mwake. "Ulimkaribisha?"

"Hapana."

"Binti yangu, hawa hawaingii hivihivi. Lete karatasi zako." Akavaa miwani, akasoma, akaguna. "Wenzako hukaribisha kwa mdomo. Wewe umempa barua! Mfutie, kwa mkono wako. Mgeni wako mimi siwezi kumfukuza."

Akashika kalamu. Nyuma ya pazia Nne ikasema, kwa upole, "Wakiondoka hawa, nani atakuuliza kama umekula?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Akamtazama dada yake, analia, midomo inacheza bila sauti, naye akajaribu kuikumbuka ile sauti, kile kicheko kinachoanza kama kwikwi, kicheko alichokisikia tangu akiwa mgongoni kwa mama, akatafuta, akatafuta, na mahali pake akakuta sauti ya Nne imeketi, imekunja miguu, kama mwenye nyumba.

Akaikata kumi ya kwanza, akaandika sifuri. Akazikata zote. Akaikata *Huyu abaki*.

Pazia likavutwa ndani kama pumzi, likatulia.

"...unanisikia? We, unanisikia?"

"Nakusikia. Unapiga kelele."

Dada akacheka, na kwikwi ikaanza.

Dada na mzee waliondoka kabla ya jua kuzama. "Kesho nakuja," dada alisema mlangoni, na yeye na mdogo wake wakakikumbuka cherehani.

Nyumba ikawa kimya, kimya cha kawaida, kisicho na mtu. Mpimaji akakusanya karatasi. Nyuma ya ile ya mwisho palikuwa na safu za alama zilizopangwa vizuri kama zake, kwa mwandiko asioujua.

*Msikilizaji wa kwanza: sita. Wa pili: nne, anaongea sana. Wa tatu, mwenye kalamu: kumi. Huyu abaki.*

Akaisoma mara mbili. Hakuna mtu aliyewahi kumpa kumi. Alijua anapaswa kuichana, na vidole vyake vikaikunja tu, taratibu, vikaitia mfukoni.

Jikoni, sahani ikawekwa mezani.