Niliitika Bandani kwa Cornel

Nilikuwa nimefuata simu tu. Niliiacha asubuhi ichajiwe kwa Cornel, kwenye banda lake la video hapa Buseresere, maana chumba tulichopanga hakina umeme, na mume wangu Sostenes alikuwa ameshuka duarani kuchimba dhahabu tangu alfajiri, nikataka akitoka tu shimoni anikute hewani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtoto mgongoni, kandambili miguuni. Nachukua simu, narudi, nasonga ugali. Ndivyo nilivyopanga.

Mvua ikanikuta mlangoni.

Mvua ya huku haianzi kwa matone, inamwagwa. Cornel akaniona nimesimama, akanisema kwenye maiki mbele ya wachimbaji wote waliojaa humo ndani. "Mama Maige, unatuzibia mlango. Ingia ukae shemeji, leo hulipi." Wakacheka. Nikaingia, nikakaa benchi la mwisho kabisa, mgongo wangu kwenye ukuta wa mabati, Maige nikamhamishia mapajani. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano, alikuwa hajasema neno hata moja. Hilo mlikumbuke.

Cornel haonyeshi tu sinema. Anapunguza sauti za wale wazungu, anashika maiki, anatafsiri mwenyewe, anawaongelea wote, mwanamke, mzee, mtoto, hadi mbwa. Na anawapa majina ya watu waliokaa pale pale bandani. Ukiingia umechelewa, unaweza kujikuta wewe ndiye polisi, au wewe ndiye maiti. Watu wanampendea hilo.

Jioni ile ilikuwa sinema ya kutisha. Kabla haijakolea kijana mmoja wa benchi la mbele akalalamika kuwa haina damu, itatishaje. Cornel akamjibu huku picha inaendelea, na maneno yale bado ninayo kichwani. Alisema damu mnaiona duarani kila mwezi, mnafunga kitambaa mnaendelea kupiga mwamba. Jini nalo mtu akishaliona lina pembe na meno, anacheka, kwa sababu sasa anajua lilivyo.

"Kinachotisha," akasema, "ni mlango uliofungwa na mtu anayejua jina lako."

Nikajicheka. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, ninajua sinema ni watu wanaigiza.

Kwenye ile picha kulikuwa na mama kijana yuko peke yake nyumbani na mtoto. Cornel akageuka, akanitazama, nikajua kabla hajafungua mdomo. "Huyu ndiye Mama Maige," akasema. Banda zima likacheka, na mimi nikacheka, nikajifunika kanga usoni kwa aibu. Basi Mama Maige wa kwenye kioo akafunga madirisha, akamlaza mtoto, akasikia hatua nje. Mvua yetu huku ilikuwa imepungua. Ningeweza kuondoka. Simu nilishapewa, iko mkononi, lakini nilitaka kuona kama yule mama atafungua mlango...

Akaukaribia mlango. Kimya. Hata muziki ukakata. Kwenye mabati yalibaki matone, moja moja.

Halafu nikasikia harufu. Tope la chini, lile la futi mia, lenye baruti ndani yake. Sostenes akirudi ndiyo harufu anayokuja nayo, nikadhani amekuja kunifuata.

"Mama Maige."

Ilikuwa karibu na sikio. Taratibu, kama mtu aliyechoka.

Nikaitika.

"Abee."

Watu wote wakageuka. Kwa sekunde moja hakuna aliyecheka, halafu wakalipuka, mmoja akapiga benchi kwa furaha, eti Mama Maige kaingia kwenye sinema. Nami nikamtazama Cornel nimwambie kwamba amenipata.

Cornel alikuwa anakunywa maji. Chupa ilikuwa mdomoni. Maiki ilikuwa juu ya meza.

Yeye hakucheka.

Sinema ilipoisha nikamfuata, nikamwuliza kama utani, kwa nini alinifanyia vile. Akawa anakunja waya, hanitazami. Akaniambia pale penye kimya hatafsiri kitu, miaka yote hajawahi kutafsiri pale. Akinyamaza ndipo watu wanaogopa, ndiyo siri ya kazi yake.

"Sikukuita, shemeji," akasema. "Nilidhani umeota."

Nikatoka mbio. Ninaposema mbio sitanii, kandambili moja ilibaki kwenye tope, sikurudi kuifuata.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa kwetu wote wanalijua, na nimeona aibu kulisema mapema. Nimelelewa Didia na bibi yangu, jina lake Sikujua. Toka nikiwa mdogo alinifundisha kwamba jua likianza kuzama, ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nyamaza. Mtu wa kweli atakuita mara ya pili, ya tatu, tena atakasirika akuulize kama umeziba masikio. Kisicho mtu huita mara moja tu. Nimelijua hilo kuliko ninavyojua sala. Na pale bandani, kwa sababu ya kelele na utani na lile jina langu kuchezewa jioni nzima, nikasahau. Niliitika kama mwanamke aliyekaa kwake mchana kweupe.

Asubuhi nikaenda kwa Agnetha, mama anayeuza uji karibu na banda, mtu mzima, amekaa hapa tangu senta ina nyumba tano. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza haraka haraka. Akaacha kukoroga. Akanionyesha kwa kidevu nyuma ya ule ukuta wa mabati, nyasi tupu na matairi. Akasema pale palikuwa na duara la zamani. Lilititia likiwa na mtu ndani, anaitwa Amosi, hawakumtoa, walifukia. Mke wake alikuwa anamletea chakula kila jioni, anasimama juu, na Amosi anamwita kutoka chini ili ateremshe ndoo.

Nikamwuliza alikuwa anamwitaje.

Agnetha akatazama uji wake. "Walikuwa na mtoto wao wa kiume," akasema. "Maige."

Usukumani Maige wako wengi, mwanangu, akaongeza, usilibebe hilo. Yule mwanamke alishahama. Labda marehemu anamtafuta wake, na wewe ulipita tu. Nikakubali. Mtakuja kuniona mjinga, lakini nilifarijika. Nilimwonea hata huruma, mtu yuko gizani anaita mke wake, anaitikiwa na mwingine. Sostenes nilipomwambia alicheka hadi akakohoa, akasema hata mimi nikifa nitakuita, uje na ndoo.

Siku ya tatu, jioni, saa ile ile. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Maige alikuwa kwenye mkeka anachezea kifuniko cha sufuria. Akaacha kucheza. Akageuza kichwa polepole kwenye ukuta, kule ambako hakuna dirisha.

"Abee," akasema.

Neno lake la kwanza.

Mtoto wa kiume hafundishwi abee, anafundishwa naam. Na haikuwa sauti ya kitoto inayojaribu. Ilikuwa ile yangu, na ule mvuto wangu mwishoni, kama nilivyoitika bandani. Mimi sikuwa nimesikia mtu yeyote akiita. Ungo uliniponyoka, mchele wote ukamwagika chini.

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Baada ya kuitika anatulia, anasikiliza kwa muda mrefu, kama mtu anayepewa maagizo. Na ile harufu inakuja, ya tope na baruti, wakati baba yake bado yuko kazini.

Siku hiyo Sostenes aliwahi kurudi, akaona kwa macho yake. Hakucheka. Usiku ule ule akafunga begi letu, akasema mwamba umeanza kutoa dhahabu, hawezi kuacha duara, lakini sisi twende kwa bibi. Alfajiri tukapanda basi, tukapitia Kahama, jua kali, Maige amelala kwangu muda wote, mzito kuliko siku zote.

Bibi hakutaka hadithi ndefu. Aliuliza kitu kimoja.

"Uliitika, mayu?"

Nikasema niliitika.

Bibi akamgeukia mtoto. Akasema ukiitika umekipa sauti yako, sasa kinaye wa kumtumia, na kinamtumia aliyekuwa mapajani mwako jioni ile. Dawa aliyoijua yeye ni kumbadili mtoto jina. Kikija kumtafuta Mama Maige kisimkute. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, tukiwa watatu tu chumbani, mimi, yeye na mtoto, akamnyunyizia maji kidogo kichwani, akamnong'oneza jina la babu yake mzaa baba. Ngusa. Hata Sostenes nilikuwa bado sijamwambia, bibi alinikataza kulitamka kwenye simu. Mchana tulimwita "mtoto" tu, basi, nje ya chumba kile jina Ngusa halikutamkwa.

Wiki moja ikapita vizuri. Jua lilikuwa linazama, mtoto anacheza, hageuki ukutani. Alianza kula. Nikaanza kulala. Siku moja nikajikuta nacheka na bibi, nikamsimulia jinsi Cornel anavyowaongelea hadi mbwa, naye akasema huyo kijana anastahili viboko.

Jana bibi alienda kwa jirani kwenye msiba. Nikabaki na mtoto. Nilikuwa nimefunga mlango mapema, nimewasha taa ya sola, nakunja nguo kitandani, mtoto yuko nyuma yangu kwenye mkeka. Nje palikuwa pametulia. Kuku wameshaingia. Halafu nikakumbuka kwamba kimya hicho ninakijua, ni kile ambacho Cornel hatafsiri.

Harufu ikaja. Kutoka Buseresere hadi Didia, na mvua haijanyesha.

Nikashika mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Niliahidi nafsi yangu, hata niitwe na nani, hata kama ni Sostenes, hata kama ni bibi mwenyewe anagonga, sifungui mdomo hadi mara ya tatu. Nilikuwa nasubiri "Mama Maige". Kama ni Amosi anamtafuta mke wake, atasema Mama Maige, nitanyamaza, ataondoka. Nilikuwa tayari.

Ikaita. Mara moja tu. Taratibu, imechoka, nyuma ya mlango.

"Mama Ngusa."

Sikuitika. Nawaapia, sikuitika. Mikono ilikuwa mdomoni hadi meno yakaingia kwenye kiganja, alama ninazo hadi sasa ninapoandika.

Lakini nyuma yangu, kwenye mkeka, nikaisikia sauti yangu.

"Abee," ikasema. Halafu nikasikia miguu midogo inaelekea mlangoni.

Nilimwahi. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Nimemfunga mgongoni tangu jana, simteremshi, hata kula nakula nimesimama. Bibi amerudi, amekaa mlangoni. Sasa hivi jua linashuka... Na huku mgongoni amegeuza kichwa.