Amri Mbili, Swali Moja

— Soma kwa sauti, Achille. Usifiche uso.

Olive alinisukumia simu yake. Tulikuwa kwao, mtaa wa Songo, nyumba ingali na viti vya matanga ya mama yake, Domitille. Mimi, mchumba niliyekwisha toa mahari, ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka Burundi.

Nikasoma.

"Achille, vita imefika. Mama anataka tuvuke leo. Uko wapi?"

Na jibu langu: "Niko atelier, Mulongwe. Kuja, nakungojea."

— Olive, ile haikuwa minye mwenyewe! Ni roboti ya kujibu wateja!

Niliiandika mwenyewe, fundi simu mwenye kiburi, kwa ajili ya atelier, karakana yangu ya mtaa wa Mulongwe. Mtu akiuliza "uko wapi", inajibu yenyewe kutoka mtandaoni, hata simu yangu ikiwa imezimika. Siku ya kukimbilia Burundi niliiongezea chini amri mpya: "Nimevuka, niko Gatumba. Usiende Mulongwe." Kisha simu ikanitumbukia mtoni Ruzizi. Sikuhangaika hata kuazima ya mtu nimpigie Olive, nikajiambia roboti itamwambia. Mjinga mimi! Amri ya zamani sikuifuta. Roboti husoma kutoka juu. Ikipata jibu la kwanza, haishuki tena.

— Tulikuja na mama, Olive akasema. Atelier imefungwa. Nikauliza tena, ukajibu nikuje. Mama akasema, "Tungoje, mwanangu. Achille ni muntu wa neno lake." Tukangoja siku mbili pale mlangoni. Siku ya tatu bombe ikaanguka.

— Mungu wangu...

— Soma ya mwisho!

Nikashuka hadi ya mwisho.

"Achille, mama amekufa. Niko peke yangu. Uko wapi?"

"Niko atelier, Mulongwe. Kuja, nakungojea."

Roboti haikumbuki ulichoiambia jana. Kila ujumbe kwake ni mgeni. Nililia, jamani, nililia mbele yake bila haya.

— Nisamehe, Olive. Naifuta sasa hivi.

— Gatumba yote watu hawakuwa na simu? Neno moja tu ya mdomo wako, Achille.

— Walikuwa nazo.

— Sasa?

— Sikuomba.

Olive akavua pete, akaiweka juu ya simu.

— Mbuzi za mahari baba atakurudishia. Kile kikwembe, kitambaa cha mahari ulimuletea mama, usikingojee. Ndimo tulimuzika.