Uso wa Junalyn Getini

Wazazi wenzangu, na nyinyi mliotoka chuo juzi na majoho bado yamekunjwa kabatini, nipeni sikio. Ninayoyasema yalitokea katika nyumba moja mkoani Albay, chini ya mlima unaotoa moshi, lakini yanaweza kuipata nyumba yako hata kama kwenu hakuna mlima.

Asubuhi hiyo ilikuwa tulivu. Perlita alikuwa uani akikata majani ya magimbi ya kupika kwa tui na pilipili. Mumewe, Delfin, alikuwa juu ya ngazi getini, akifunga kamba. Mlima ulikuwa umejificha mawinguni, kama kawaida yake, na hakuna aliyeutazama. Wote walikuwa wakitazama bango.

Lilikuwa turubai pana kuliko geti lenyewe. Juu yake ulichapwa uso wa binti yao Junalyn, kofia ya mahafali kichwani, ngozi imeng'arishwa hadi hakufanana tena na mtoto wa mkwea minazi. Huku kwetu kila nyumba yenye mhitimu hutundika bango. Hilo si kosa. Kosa lilikuwa maneno. Wengine huandika jina na hongera, basi. Perlita aliandikisha: JUNALYN, BINGWA WETU WA MIAMBA. MAKATI, ANAKUJA.

Junalyn alilisoma, akalirudia. "Mama, sijaajiriwa. Hata mtihani wa leseni sijafanya."

"Utaajiriwa. Umesomea jiolojia, hukusomea kushona vifungo."

"Lakini Makati..."

"Maghorofa marefu ya makampuni yako wapi kama si Makati? Ulitaka niandike nini, kwamba unakuja sokoni?"

Delfin akauliza kutoka juu kama limekwenda upande. Akaambiwa liko sawa, ashuke ale.

Makampuni ya Makati hayakuwa na habari kwamba Junalyn anakuja. Machache yalijibu kwamba yanataka watu wenye uzoefu. Mengi yalikaa kimya. Kisha siku moja simu ikalia, na aliyepiga alikuwa Bwana Abrasaldo, mkuu wa kituo cha kuangalia mlima. Alihitaji msaidizi wa kusoma vipimo, kufagia majivu juu ya paa, kupokea simu za redio na, alisema bila kuficha, kuchemsha kahawa. Kazi ilikuwa ya kudumu.

Perlita alisikia neno kufagia, akapunga mkono hewani kama anayefukuza nzi. "Mwambie unafikiria."

Junalyn alifunika simu kwa kiganja. "Mama, ni mlima. Ndio ule ule niliousomea."

"Mlima uko pale nje tangu sijazaliwa. Hukuhitaji chuo kuuona."

Wiki haikuisha, nafasi ikachukuliwa na mwingine.

Sasa jiulize, wewe unayesoma: nani alikataa kazi ile? Aliyesoma, au aliyeandikisha bango?

Jua la Albay halimwonei mtu haya. Lilianza na midomo ya Junalyn wa bangoni pale getini, ikageuka buluu. Halafu likala mashavu. Junalyn mwenyewe akaanza kutokea nyuma, kupitia migombani, ili asipite chini ya uso wake. Baadaye akaacha kutoka kabisa.

Walimlazimisha kwenda kwenye sikukuu ya kijiji. Wifi yake Perlita, Choleng, alikuwa akifungua wali wa nazi uliofungwa kwenye majani, akamwona.

"Bingwa, bado upo? Nilidhani Makati imeshakuchukua. Au ilisikia unakuja ikahama?"

Watu wakacheka. Junalyn naye akacheka, akaweka sahani chini, akarudi nyumbani peke yake. Tangu siku hiyo hakula tena mezani. Delfin alimpelekea wali mlangoni kwake, na mara nyingi aliurudisha ukiwa umekauka juu.

"Mama Junalyn, tulishushe lile bango," alisema.

"Tukilishusha watasema ameshindwa."

"Kwani sasa hivi wanasema nini?"

Perlita aliosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kisha asubuhi moja alikuta kitanda cha binti yake kimetandikwa na begi halipo. Alimkuta Delfin akinoa panga bila haraka.

"Yuko kituoni mlimani. Yule aliyepewa kazi amejifungua. Wanataka mtu wa kumshikia nafasi mpaka arudi."

"Na wewe ukamwacha aende?"

"Nimembebea begi."

Perlita alivaa viatu vyake vya kanisani, akapanda bajaji mpaka barabara ilipokoma, akamalizia kwa miguu huku akipanga maneno. Angemwambia hivi, na kama angebisha, angemwambia vile. Alipofika alimwona mwanawe juu ya paa na ufagio, kope zimejaa majivu, wa kijivu mzima kama samaki mkavu.

"Shuka. Twende nyumbani."

"Ni saa ya vipimo, Mama. Ingia ndani."

Ndani kulikuwa na pipa dogo lililozunguka polepole, na sindano ikichora mstari juu ya karatasi. Perlita alimwendea mwanawe, aliyekuwa ameshashuka, visigino vikigonga saruji, na sindano ikaruka huku na huku.

"Mama, simama hapo. Chombo kinasikia miguu yako."

Akasimama. Bwana Abrasaldo naye akasimama, kikombe mkononi. Sindano ikatulia, lakini haikulala. Iliendelea kutetemeka kidogokidogo.

"Nani mwingine anatembea?" Perlita alinong'ona.

"Hakuna. Huo ni mlima."

Kisha mawingu yakafunguka. Kutoka jikoni kwake, mlima ulikuwa kitu cha kuchafua nguo kambani. Hapa ulijaza dirisha lote, na alipotafuta kilele ilibidi alaze kichwa nyuma mpaka kibanio cha nywele kikaanguka. Hakukiokota. Moshi ulitoka juu bila sauti, mzito, ukipinda polepole, na chini ya viatu vyake vya kanisani ardhi ilikuwa hai. Alijikuta anapumua taratibu, kama mtu aliye karibu na mnyama mkubwa aliyelala.

Junalyn alikuwa anasoma vipimo. Bwana Abrasaldo akavipitia, akasahihisha kimoja, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Junalyn akachukua redio. Sauti ambayo nyumbani ilikuwa imepotea ilitoka nzima.

"Kituo kwa wenyeviti wa vijiji. Upepo umegeuka. Majivu yanashuka upande wenu. Funikeni visima, ingizeni nyati wa kulimia bandani, watoto wabaki ndani."

Kisha akampa mama yake darubini. Perlita aliona kijiji chake, kidogo kama vipande vya kadibodi. Kwanza hakuna kilichosogea. Halafu mtu mmoja akatoka, na mwingine, na nyati wakaanza kuongozwa bandani. Alilitambua paa la Choleng. Choleng mwenyewe alitoka mbio akivuta shuka juu ya kisima.

Yale maneno aliyoyapanga njiani hayakuwepo tena. "Nani amekufundisha haya?"

"Nafundishwa bado. Bwana Abrasaldo anaona mengi kwenye ule mstari. Mimi naona mstari."

"Na yule dada akirudi kazini?"

"Nitaondoka, Mama. Ile ya kudumu ilishapita. Lakini nikiulizwa nimefanya nini, nitakuwa na jibu."

Bwana Abrasaldo alimtengenezea Perlita kahawa. "Kumbe wewe ndiye mama wa lile bango la barabarani," alisema. "Lilitutisha. Tulidhani hatatukubali."

Perlita alinywa kahawa yote, kisha akaomba ufagio wa pili.

Alipofika nyumbani majivu yalikuwa yameanza kudondoka. Alichukua kisu cha jikoni, akakata kamba getini, akaliburuta turubai mpaka kisimani, na yeye na Delfin wakalitandaza na kulibana kwa mawe. Uso wa Junalyn ulitazama juu, midomo buluu na yote, ukiuangalia mlima.

Funzo

Mhitimu, shahada inakufungulia mlango, haikupi kiti cha mbele. Kazi ya kwanza ni ya kujifunza, na ikigusa kile ulichosomea, ishike hata kama inakuja na ufagio. Ukingoja kubwa, ndogo itachukuliwa na mwingine, na huenda isirudi. Na wewe mzazi, furahi na pongeza, lakini usimwandikie mtoto mahali pa kufika kabla hajaanza safari. Jina na hongera vinatosha.