Stuli ya Mama Mkwe

Asubuhi Mama Mapacha alikuwa akiosha vyombo. Mumewe, Baba Mapacha, alikuwa chini ya meza, akitafuta penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake mwenyewe.

Mama mkwe wake alikuwa njiani. Alikuwa amepasuliwa goti, na daktari amemkataza kukaa sakafuni. Baba Mapacha, ambaye hajawahi kuchonga hata mwiko, alitangaza kwa heshima zote kwamba stuli ataitengeneza mwenyewe.

Akapima, akagonga misumari, stuli ikasimama. Kisha ikayumba.

"Mguu huu mrefu," alisema, akaukata.

Ikayumba upande wa pili. Akakata tena.

"Baba Mapacha, hiyo ni stuli au sinia?" mkewe aliuliza.

Baba Mapacha hakucheka. Jasho lilimtoka. Akilini alimwona mama mkwe akikaa, stuli ikipinduka, mshono wa goti ukiachia. Akashika msumeno.

"Weka chini huo msumeno!" Alikuwa jirani yao, fundi seremala, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada fundi, nimekwisha!"

Fundi hakuigusa stuli. Aliokota gololi ya watoto, akaiweka sakafuni. Ikabingirika hadi chini ya kabati.

"Shemeji, sakafu yako ndiyo imebonyea. Stuli huenda ilikuwa nzima."

Mama Mapacha akasugua kwa bidii sufuria iliyokwisha kutakata.

Wakaipeleka stuli kwenye meza ya fundi, iliyo sawa kabisa. Fundi akachomeka vibao vyembamba chini ya miguu mifupi mpaka kikalio kikalala sawa. Akalaza penseli juu ya kipande cha mbao.

"Izungushe kwenye kila mguu, ichore mstari. Penseli isipande wala isishuke. Kisha kata chini ya mstari. Mstari wenyewe usiule."

Baba Mapacha alikata. Stuli haikuyumba tena, ila ilikuwa fupi mno.

"Tuivishe viatu," fundi alisema. Wakafunga ubao mnene chini ya miguu miwili ya kila upande. "Toboa kwanza, ndipo utie skrubu. La sivyo mbao itapasuka."

Walikuwa ndiyo kwanza wameirudisha nyumbani, gari la mama mkwe likasimama nje. Baba Mapacha alikimbia na gololi, akaiweka huku, akaiweka kule. Karibu na dirisha ikatulia. Akaitia mfukoni, akaiweka stuli hapo.

Mama mkwe alikaa polepole. Akaegemea kushoto. Akaegemea kulia. Stuli ilitulia kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mbona umepauka hivyo, mkwe wangu? Kiti kizuri. Sasa nitengenezee na meza."

Baba Mapacha akaipapasa gololi mfukoni.

"Sawa, mama. Lakini kwanza nije nipime sakafu yako."